Kupandisha Bei Siku za Shida

Kila mtu wa Mwanza ajua ya kuwa bei ya dagaa hufuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa zao, dagaa huja kwenye mwanga, na asubuhi Mwaloni Kirumba hujaa magunia. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi hulala ufukweni, na sado ya dagaa iliyokuwa rahisi juma lililopita sasa ni ghali. Hatujapata kumsikia mtu akisimama sokoni akamwita muuza dagaa dhalimu kwa sababu ya mwezi. Vivyo hivyo mwenye duka wa Ukerewe au wa Kome huuza sabuni kwa bei iliyozidi ya mjini, wala mnunuzi hanung'uniki sana, kwani ajua kuwa sabuni ile imevuka maji, na chombo hakivushi mzigo bure.

Twaanza na haya ili wasomaji wetu wasije wakadhani ya kuwa tunataka kuwatia wafanya biashara wote katika hukumu moja. Biashara ni kazi ya halali, na Mtume wetu s.a.w. aliifanya kabla hajapewa utume. Lakini liko swali tunaloulizwa mara kwa mara na vijana, hasa wale waliosoma katika chuo chetu na sasa wana vibanda na maduka yao. Likija janga, au gonjwa, au vita, au mvua iliyokata njia, na kitu ambacho nyumba haiwezi kukaa bila yake kikaadimika, je, mwenye nacho ana ruhusa ya kukiuza kwa kadiri ya shida ya mwenziwe?

Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi katika miaka ambayo swali hili liliulizwa nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera, na katika vita vile kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa. Vita vilikwisha mwaka 1979, uhaba ukabaki. Serikali ilikuwa na Tume ya Bei tangu mwaka 1973, iliyopanga bei za mamia ya bidhaa, na bei zile zilikuwa nafuu kweli kweli. Kilichokosekana ni bidhaa zenyewe. Mama zetu walitutoa kitandani kabla ya alfajiri twende kupanga foleni. Tuliweka mawe kushika nafasi, kila jiwe na mwenyewe, tukarudi kusali, kisha tukaenda kusimama nyuma ya jiwe. Sukari ikipatikana ilikuwa nusu kilo. Aliyetaka zaidi ya hapo alipita mlango wa nyuma kwa mlanguzi, na huko bei haikuwa na tume.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa kwa ajili yake. Maghala yalifunguliwa, watu wengi wakakamatwa, na wako waliotupa mali zao porini usiku kwa hofu. Watu wa makamo yetu humtaja marehemu Sokoine kwa heshima hata leo, nasi tumo. Hakupenda kuona mnyonge akinyonywa. Lakini msako haukuota muwa hata mmoja. Mwaka uliofuata, 1984, Serikali iliwaruhusu wenye fedha za kigeni walete bidhaa kutoka nje, na rafu za maduka zikaanza kujaa tena. Zilijaa vitu ghali. Basi tukiwa bado wadogo tulikwisha kuziona shida zote mbili, bei rahisi ya kitu kisichokuwapo, na kitu kilichopo ambacho baba hawezi kukinunua.

Ukiyakumbuka hayo hutashangaa kwa jambo lililopokewa na Anas bin Malik r.a. Bei zilipanda Madina katika zama za Mtume s.a.w., na watu wakamwendea wakamwomba awapangie bei. Hakukubali. Aliwafahamisha kuwa mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, na kuwa yeye hutumaini kukutana na Mola wake pasiwepo mtu wa kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Hadithi hii wenye maduka wetu wanaipenda mno. Wako wasioweza kukutajia jina la sura ya tatu ya Kurani Tukufu, lakini Hadithi hii wanayo kichwani na jina la aliyeipokea.

Lakini ni Mtume huyo huyo s.a.w. aliyesema, katika yaliyopokewa na Imam Muslim, kuwa mwenye kuhodhi ni mkosa. Ulamaa huliita tendo hilo ihtikari. Sisi tunaofundisha watoto irabu tumezoea kuona maana ikigeuka kwa herufi moja, na Kiswahili chetu nacho kina hekima hiyo. Twasema bei imepanda, na twasema bei imepandishwa. Ya kwanza yaweza kuwa kazi ya mvua, au ya mwezi mpevu, au ya meli iliyochelewa. Ya pili ina mkono wa mtu ndani yake. Katika Madina watu waliomlalamikia Mtume s.a.w. walilalamikia bei iliyopanda, na Ibn Taymiyya, katika maandishi yake juu ya kazi ya msimamizi wa masoko, ameeleza kuwa hapo hapakuwa na mtu aliyezuia mali yake. Ambapo watu wanahitaji na wenye mali wanazuia, yeye aona kuwa mtawala ana haki ya kuwalazimisha wauze kwa bei ya mfano, yaani bei ambayo kitu kama hicho huuzwa kwa kawaida.

Wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, wameifunga ihtikari kwa masharti. Iliyoharamishwa ni kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili ughali uzidi. Mkulima aliyevuna mpunga wake akauweka ghalani hamo, wala hamo aliyenunua wakati wa rahisi. Lakini Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alipanua jambo hili, akaingiza kila kitu ambacho kukizuia kwake kunawadhuru watu. Tunawapa wanafunzi wakubwa kauli zote mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2021, watu walipokuwa wakijifukiza kwa hofu ya korona, malimau na tangawizi vilipanda bei mpaka limau likawa kitu cha kuhesabiwa, na mtoto mmoja akatuuliza, "Maalim, limau ni chakula?" Darasa lilicheka. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa swali la faqihi. Kama kujifukiza kulifaa au hakukufaa, hilo tunawaachia matabibu. Lakini kwa sabuni, kwa dawa, kwa petroli ya kumpeleka mzazi hospitali, moyo wetu uko upande wa Abu Yusuf.

Kuhusu petroli tusikawie. Kila mtu ajua kuwa EWURA hutangaza bei kikomo mwanzoni mwa kila mwezi, na mwenye kituo ajua hivyo kabla ya sisi sote. Mwaka 2023, petroli ilipoadimika, mamlaka hiyo ilivifungia vituo kadhaa kwa kosa la kuficha mafuta. Kumwambia mwenye pikipiki kuwa mafuta yamekwisha, na tangi limejaa, hakuhitaji kitabu cha fikihi kukuonyesha hukumu yake.

Jambo gumu ni lile la mtu mwema. Mwisho wa Shaabani 1441, yaani Aprili 2020, korona ilipokuwa imekwisha kuingia nchini, viwanda vya sukari vimefungwa kwa mvua na sukari ya kutoka nje imechelewa, kijana mmoja aliyesoma kwetu alikuja baada ya Isha. Ana duka la rejareja mtaani kwetu. Alikaa kwenye mkeka, akauliza hali za nyumbani, kisha akasema, "Maalim, nina mifuko tisa ya sukari ya kilo 50. Niliinunua kila mfuko shilingi 125,000, na nimekuwa nikiuza kilo 2,700. Leo nimekwenda kwa tajiri wa jumla, mfuko ni 170,000. Wenzangu wanauza kilo 4,000. Nikiuza yangu kwa 2,700 nitapata 1,215,000. Kwa fedha hiyo nitanunua mifuko saba tu. Mifuko miwili imekwenda wapi?"

Tulichukua karatasi tukahesabu pamoja naye, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Wasomaji wetu wengi hawana duka, na huona kila bei mpya kuwa ni tamaa. Ni vema wajue kuwa mtaji wa mwenye duka mdogo uko ndani ya magunia yake. Akiuza kwa bei ya jana na kununua kwa bei ya leo, duka lake linapungua ilhali yeye ameuza kila kitu. Sheria haikumtaka mtu ajibomolee nyumba ili amjengee jirani.

Tulimwambia hivi: "Mwanangu, mfuko utakaoununua kwa 170,000, uuze kwa hesabu ya 170,000, ongeza faida yako ya siku zote, wala usiogope. Mtu hakulaumu kwa kilichokupata. Lakini hii tisa haijakupata kitu. Sukari ni ile ile, imelala pale pale. Katika zile 4,000, ipi ni gharama yako, na ipi ni hofu ya mama aliyesikia kuwa Ramadhani inaingia na sukari hakuna?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nikiuza 2,700, Maalim, wenye magari watakuja wachukue mfuko mzima mzima. Yule mama hatapata hata kilo."

Huu ndio ukweli ambao wahubiri wengi huupita haraka. Bei ya huruma peke yake humtajirisha anayefika wa kwanza, na anayefika wa kwanza ni mwenye gari na mwenye fedha za kulipa papo hapo. Wanaotetea bei za juu hushikilia hoja hii, kwamba ughali huwafanya watu wachukue kidogo, kidogo kikawatosha wengi, na tena humvuta mfanya biashara wa mbali alete mali mahali penye uhaba. Hoja hii si ya upuuzi. Mtu wa Musoma hatapakia sukari kuileta Mwanza kwa bei ile ile ya Musoma. Lakini ughali haumpunguzii tajiri kijiko. Humpunguzia yule aliyekuwa akinunua robo. Tena bei iliyopanda kwa sukari iliyokwisha kuwamo ndani ya duka haimleti mtu wa mbali upesi kuliko ile itakayopanda kwa mfuko mpya.

Basi tulimkumbusha kisa cha Nabii Yusuf a.s. Katika miaka saba ya neema aliweka akiba, na ulamaa hawakupata kumwita mwenye kuhodhi, kwa kuwa aliweka wakati wa wingi akatoa wakati wa njaa. Na alipotoa, ndugu zake walipewa kwa kipimo, mzigo wa ngamia kwa kila mtu, hata wakawa na hamu ya kwenda na ndugu yao mwingine ili waongezewe mzigo mmoja. Kijana aliondoka na shauri hilo. Kilo moja kwa nyumba moja, kwa bei ya zamani, mpaka mifuko tisa iishe.

Siku ya pili alirudi, na safari hii hakukaa. "Maalim, sukari yangu inauzwa duka la jirani kwa elfu nne. Wametuma watoto." Kumbe mtu mmoja aliwakusanya watoto wa mtaa, akampa kila mmoja fedha na pipi. Hatukushangaa sana, tuliyaona mawe ya foleni yakihama mwaka 1983. Lakini mwenye duka la mtaani ana kitu ambacho Tume ya Bei haikuwa nacho. Ana daftari la madeni. Humo mna kila nyumba, mama nani, watoto wangapi, wanakunywa chai mara ngapi, na nani hulipa mwisho wa mwezi. Tangu siku ile aliuza kwa kufuata daftari, na asiyekuwamo aliandikwa kwanza kisha akauziwa. Mifuko iliyobaki ilifika Ramadhani.

Siku zile zile Serikali ilitangaza bei elekezi, Dar es Salaam kilo isizidi 2,600, na mikoa ya mbali ikaruhusiwa zaidi kwa ajili ya uchukuzi, jambo lililotupendeza kwa kuwa lilikiri kuwa barabara nayo ina bei. Kwa siku nyingi bei ile ilikuwa kwenye redio kuliko dukani.

Ama ile mifuko miwili ya kijana wetu, ilipotea, wala hatutawaambia wasomaji kuwa ilirudi kwa muujiza. Na hapa tuna neno kwa sisi wanunuzi. Tunataka mwenye duka avumilie, na huku daftari lake limejaa majina yetu. Aliye na deni la dukani na ana uwezo wa kulilipa, siku ya kulilipa ni ile siku bidhaa zinapopanda, maana hapo fedha zake zilizo mifukoni mwetu zinapungua nguvu kila asubuhi. Na mwenye kujaza stoo ya nyumbani mifuko mitatu ya sukari siku ya kwanza ya uvumi, kisha akaketi barazani kuwalaani walanguzi, sisi hatumwoni kuwa mbali nao sana.

Iko shida nyingine ambamo hata hesabu za mtaji hunyamaza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Maiti waliletwa Uwanja wa Nyamagana wakatambuliwa na jamaa zao, na wengi wasiotambuliwa wakazikwa Igoma. Sisi wakati ule tulikuwa kijana, na tulikuwa miongoni mwa walioitwa kuwaosha Waislamu. Maiti mwanamume huvishwa nguo tatu, na mwanamke tano, na mjue wenyewe ni dhiraa ngapi za bafta nyeupe zilizotakiwa katika siku zile chache. Mwenye duka moja la nguo, ambaye hakuwa mtu wa msikiti wetu, alikuwa akikata na kukabidhi, anaandika kwenye karatasi ya kufungia, na mtu akimwuliza bei alijibu, "Nendeni mkazike." Karatasi ile hatujui kama ililipwa yote. Angeweza kudai chochote. Nani angekataa? Mwenye kununua sanda hawezi kusema atarudi kesho bei ikishuka.

Wanachuoni wamezungumza juu ya mauzo ya mwenye kulazimika, wakamtaka muuzaji achukue bei ya mfano, asiitumie dharura ya mnunuzi. Tumefundisha suala hili miaka mingi, na kila tukilifikia huiona ile karatasi ya kufungia.

Sayyidna Umar r.a., katika mwaka wa njaa wa 18 Hijria ulioitwa mwaka wa majivu, aliandika Sham apelekewe chakula, na yeye mwenyewe akajinyima samli mpaka watu wote waipate. Twalitaja hili kwa ajili ya wakubwa, maana si haki mzigo wote umkalie mwenye kibanda. Januari 2024, mvua kubwa zilipozuia miwa kuvunwa, sukari ilipanda tena, na Serikali ikatangaza bei elekezi kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na mkoa, ikaruhusu na sukari ya nje. Katikati ya mwaka huo sheria ilibadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao kazi yake ilikuwa nafaka, uweze kununua na kuhifadhi sukari pia. Wenye viwanda walilalamika, na huenda wana hoja zao, kwani akiba ikitolewa vibaya humuua mzalishaji. Lakini akiba yenyewe ni kazi ya Yusuf a.s., na yatakiwa iwekwe miaka ya wingi.

Katika uhaba huo wa 2024 kijana wetu hakuja kutuuliza. Tulipopita dukani kwake jioni moja tulikuta kipande cha boksi kimetundikwa juu ya mizani, kimeandikwa kwa kalamu nene: KILO MOJA NYUMBA MOJA. Ndani alikuwa na mifuko mitatu tu. Alitueleza kuwa siku hizi hanunui tisa kwa pamoja; hununua mitatu mitatu, ili bei ikipanda au ikishuka isimkute na mzigo. Tulipotaka kuondoka alifungua daftari, akatuonyesha kwa adabu, bila kusema neno, majina ya nyumba nne ambazo baba zao husali safu ya mbele.